Mia Sita wa Jabali la Rimoni

Leo twataka kuzungumza juu ya Benyamini, kabila dogo katika Israeli. Mzee wao Benyamini alikuwa kitinda mimba wa Yakobo, na mama yake Raheli alifariki akimzaa, njiani kwenda Bethlehemu. Nchi waliyogawiwa ilikuwa kipande chembamba cha milima kati ya Yuda na Efraimu. Kabila hili nusura lifutike kabisa, tena si kwa mkono wa Wafilisti, bali kwa mkono wa ndugu zao.

Habari hizi twazisoma katika Waamuzi, sura ya 19 hadi 21. Watu waovu wa Gibea, mji wa Benyamini, walimtenda jeuri suria wa Mlawi mmoja mgeni usiku kucha, hata akafa. Makabila mengine yakataka wahalifu watolewe. Wabenyamini wakakataa, maana waliona ni afadhali kumficha mwovu wa kwao kuliko kumtendea haki mgeni. Ndipo vita vikaanza. Siku mbili za kwanza Israeli walipoteza watu 40,000. Siku ya tatu wakaanguka Wabenyamini zaidi ya 25,000. Hata hivyo, hasira haikutulia. Israeli wakaingia mijini, wakaua watu na wanyama, wakachoma moto. Wakasalia wanaume 600, waliokimbilia jabali la Rimoni na kukaa huko miezi minne.

Kisha washindi wakaketi Betheli, wakalia. Huko Mispa walikuwa wameapa kwamba hakuna atakayemwoza Mbenyamini binti yake. Sasa kabila lilikuwa linakwisha. Badala ya kutubia kiapo chao cha haraka, wakatafuta njia ya kukizunguka. Wakaupiga mji wa Yabesh-gileadi, ambao haukuja mkutanoni, wakawaacha hai wasichana 400. Hao hawakutosha, wakawaruhusu Wabenyamini kuwanyakua mabinti wa Shilo waliokuwa wakicheza sikukuu. Basi vita vilivyoanza kwa kilio cha mwanamke mmoja vilikwisha kwa kilio cha mamia. Maandiko hayalisifu jambo hilo. Kitabu chamalizika kwa kusema kwamba kila mtu alijiamulia mwenyewe lililo sawa.

Lakini tazameni rehema ya Mungu kwa mabaki hayo. Sauli, mfalme wa kwanza, alitoka Gibea ile ile, na vita vyake vya kwanza vilikuwa vya kuiokoa Yabesh-gileadi. Ufalme ulipogawanyika, yapata mwaka 930 K.K., Benyamini walishikamana na Yuda, na baada ya uhamisho wa Babeli wakarudi pamoja nao. Mordekai alikuwa Mbenyamini. Hata Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi na Wafilipi, ataja kwamba yeye ni wa kabila hilo. Hasira ya ndugu ingalifika mwisho wake, hao wote wangalitoka wapi?

Ndugu zetu, yatupasa kujiuliza. Je, twamficha mkosaji kwa sababu ni wa kwetu? Tunapodai haki, je, hasira yetu imempita mkosaji ikamshika mtoto asiye na hatia? Na tunapopatana, ni nani anayelipishwa gharama ya mapatano yetu?

Bwana atujalie kulia kabla ya vita, wala si baada yake. Amina.