Madogo, Pwani Isiyo na Bahari

Ukitoka Eastleigh kwa basi, ukapita Mwingi, ukapita Ukasi, joto likaanza kuingia dirishani na ngamia wakaonekana kando ya barabara, mji wa mwisho kabla ya daraja la Mto Tana ni Madogo. Wageni wengi huanza kukusanya mizigo hapo wakidhani wamefika Garissa. Kimaisha hawajakosea sana. Mtu hulala Madogo, huuza duka Garissa, jioni anarudi na tuktuk. Akiugua, anavushwa daraja kupelekwa hospitali ya rufaa ya Garissa.

Lakini kiserikali Madogo ni wadi ya Kaunti ya Tana River, na kabla ya ugatuzi wa 2013 ilikuwa Mkoa wa Pwani. Ndiyo, Pwani hiyohiyo ya Mombasa na Lamu, ilhali bahari iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo.

Mto ndio uliofanywa ukuta. Mwaka wa 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Northern Frontier District, ile NFD ambayo wazee bado wanaitaja: hukuingia wala kutoka bila kibali. Wafugaji Wasomali walitakiwa kubaki mashariki ya Tana. Sasa mwambie mtu mwenye ng'ombe wakati wa kiangazi kwamba nyasi za ng'ambo si zake! Na mtoni penyewe walikuwepo wenyeji wengine, Wamunyoyaya na Wamalakote, wavuvi na wakulima ambao maisha yao yalitegemea mto huohuo.

Tume iliyotumwa 1962 ilikuta wakazi wengi wa NFD wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Waingereza wakajibu kwa kuunda jimbo jipya ndani ya Kenya, North Eastern, na Garissa ikawa makao yake. Ng'ambo ya pili ikabaki Pwani. Siku chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, na Vita vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya 1967.

Hapa ndipo ramani inapochekesha, kama ni jambo la kucheka. Kanuni za hali ya hatari za 1966 hazikuishia darajani. Zilishika pia wilaya jirani, Tana River ikiwemo. Kwa hiyo Madogo ilihesabiwa Pwani makaratasini, lakini kwa bunduki ilihesabiwa mpakani. Kanuni hizo ziliondolewa 1991 pekee. Si ajabu kwamba mpaka leo kuna watu Garissa ambao wakisafiri kwenda Nairobi husema, "Naenda Kenya." Kwa msemo huo, Kenya inaanza Madogo, penye kizuizi cha polisi na abiria wakishika vitambulisho mkononi.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti kwa kufuata mipaka ya wilaya za zamani. Diwani wa Madogo, MCA tunayemwita siku hizi, huenda kikaoni Hola, zaidi ya kilomita 100 kusini, na ofisi kubwa za kaunti yake ziko huko. Garissa iko dakika chache tu, ila si serikali yake. Hapo katikati kuna mzozo: viongozi wa Tana River wanadai mpaka uko maili tatu mashariki ya mto, wa Garissa hawakubali. Ni habari ya ardhi, mashamba ya kando ya mto na ushuru.

Mto wenyewe haujali. Novemba 2023 ulifurika na kuikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Aprili 2024, mabwawa ya juu yalipojaa, ukaikata tena. Kwa wiki kadhaa Pwani hii ikawa na maji ya kutosha na nauli za boti. Malori ya chakula yalikwama upande huu, wagonjwa wakasubiri kuvushwa. Siku moja ya Aprili boti ikapinduka na watu wakafa, wakijaribu kufika mji ambao taa zake huonekana kutoka walikopandia.