Sindano Mbali na Uti wa Mgongo: Historia ya Ganzi ya Neva na Funzo Lake kwa Mutakura

Mkazi wa Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, akivunjika mkono ilhali anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hukabiliwa na hatari mbili. Akiendelea na dawa, huenda akavuja damu nyingi. Akiiacha, damu yaweza kuganda moyoni au ubongoni. Historia ya ganzi inaeleza asili ya mkinzano huo na njia ya kuupunguza.

Mwaka 1884 Carl Koller alithibitisha kuwa kokeini hutia jicho ganzi pasipo nusukaputi. Mwaka 1898 August Bier aliitumia kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1911, huko Ujerumani, Hirschel alizifikia neva za mkono kupitia kwapani, naye Kulenkampff juu ya mtulinga.

Dawa za kuzuia damu kuganda zilikuja baadaye. Heparini iligunduliwa mwaka 1916. Warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, iliidhinishwa kwa matibabu ya binadamu mwaka 1954. Historia hizo mbili zilikutana kwa uchungu: mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia heparini ya molekuli ndogo na kuchomwa sindano ya mgongo walivuja damu ndani ya mfereji wa uti wakapooza.

Damu ikikusanyika humo haiwezi kubanwa. Ikivuja kwapani, hubanwa kwa vidole. Ndiyo maana ganzi ya neva zilizo karibu na ngozi ilipata thamani mpya, hasa baada ya Kapral na wenzake wa Vienna kuiongoza sindano kwa ultrasaundi mwaka 1994. Hata hivyo, neva zilizo ndani kiunoni hudai tahadhari ileile ya uti wa mgongo.

Afrika Mashariki suala hili si la wazee pekee. Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo za vijana, na aliyewekewa vali ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote. Kwa hiyo sera isianzie kwenye ununuzi wa mashine. Ianzie zahanati, kwa kuuliza mgonjwa anatumia dawa gani na aliimeza lini. Ifuate maabara ya kupima kasi ya kuganda kwa damu. Kisha mafunzo katika hospitali kama ile ya chuo kikuu iliyoko Kamenge. Ultrasaundi bila mikono iliyofundishwa haimwokoi mgonjwa wa Mutakura.