BVR: Kutoka kilo 35 hadi 18, safari ya mashine ya kuandikisha wapigakura Kagera

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC) ilipofungua vituo vya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapigakura mkoani Kagera, Agosti 5, 2024, mashine zilizotumika zilikuwa mpya. BVR (Biometric Voter Registration), mashine inayoandikisha mpigakura kwa picha na alama za vidole, ya mwaka 2015 ilikuwa na uzito wa kilo 35. Iliyoingia mwaka 2024 ina kilo 18.

Kwa mkazi wa Kashai au Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, tofauti hiyo si kitu. Gari linafika mlangoni mwa kituo. Wilayani Muleba hali ni nyingine. Goziba, Bumbire na Ikuza ni visiwa vya wavuvi. Mashine hupakiwa kwenye boti, ikishuka mwaloni inabebwa begani au kichwani kupanda mawe hadi kituoni. Huko ndiko kilo 17 zilizopungua zinakoonekana.

Daftari la kudumu lilianza kuandaliwa mwaka 2004 kwa fomu za karatasi zilizosomwa na mashine baadaye. BVR ikaingia mwaka 2015: kompyuta mpakato, kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole, pedi ya saini na printa, vyote kwenye begi moja gumu. Uandikishaji ulianza Makambako, mkoani Njombe, Februari mwaka huo, kwa mashine 250 tu. Mashine zilichelewa kuingia nchini kiasi kwamba kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, iliahirishwa. Hatimaye zilifika 8,000 nchi nzima, zikawa zinahama mkoa hadi mkoa. Hata hivyo daftari lilifungwa likiwa na wapigakura 23,161,440.

Mashine hizohizo zilirudi kazini mwaka 2019. Zilizozirithi zinatumia programu ya Android, ileile ya simu nyingi za mkononi, hivyo kijana aliyezoea simu yake hahangaiki sana na kioo cha mashine.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mtu anataja jina, anapigwa picha, anaweka vidole na saini, anaondoka na kadi. Kwenye vidole ndipo foleni inaposimama. Mkono ulioshika jembe miaka arobaini kwenye kibanja cha migomba na kahawa, au unaovuta nyavu kila usiku, mistari yake imelika. Kidole kinafutwa, kinakandamizwa upya, kinajaribiwa kingine.

Lipo pia jambo ambalo mashine, nyepesi au nzito, hailiwezi. Alama za vidole hulinganishwa ili kumnasa aliyejiandikisha mara mbili. Haziwezi kusema kama mwenye vidole ni raia. Kwa Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, hilo ndilo swali zito. Jibu lake bado linatoka kwa watu: mawakala wa vyama wanaokaa kituoni, na wananchi wanaosoma majina yanapobandikwa hadharani, ambapo sheria inawaruhusu kuweka pingamizi.

Tume imepunguza mzigo wa mbebaji. Mzigo wa kumtambua jirani umebaki kwa jirani, na daftari huwa safi kwa kadiri watu wa Bukoba na Muleba wanavyojitokeza kulikagua, si kwa ubora wa mashine peke yake.