Fikra za Gandhi zilivyofika Ziwa Victoria, na vitabu vya Wazungu alivyosoma njiani

Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Alikuwa Rais, na magari alikuwa nayo. Alitembea ili kuliunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huo.

Miaka 37 kabla yake, Machi 1930, Mohandas Gandhi wa India aliondoka nyumbani kwake Sabarmati akiwa na umri wa miaka 60. Alitembea karibu kilomita 390 hadi ufukweni Dandi, akaokota chumvi. Sheria ya Waingereza ilikataza watu kujitengenezea chumvi bila kulipa kodi.

Hatusemi kwamba Mwalimu alimwiga Gandhi. Lakini wote wawili walisoma Uingereza, wakarudi na swali moja: mtu aliyetawaliwa achukue nini kwa mtawala wake, na akatae nini? Katika makala haya tunaeleza jinsi wanafikra wa India walivyolijibu, na jinsi jibu lao lilivyofika huku kwetu.

Alichokichukua

Gandhi alizaliwa 1869, akasomea sheria London kuanzia 1888. Mwaka 1893 alikwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya uwakili, akakaa huko hadi 1914 isipokuwa kwa vipindi vichache. Fikra zake kubwa zilizaliwa hapo, katika bara letu.

Kutoka kwao India alikuwa na neno la kale, ahimsa, yaani kutomdhuru kiumbe. Kwa Wazungu alipata vitabu. Mrusi Leo Tolstoy alimwonyesha kuwa Mkristo anayefuata mafundisho ya Yesu hawezi kujibu ubaya kwa ubaya. Mwaka 1904, akiwa kwenye treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin. Alichotoka nacho ni haya: ustawi wa mtu mmoja umo ndani ya ustawi wa wote, kazi ya kinyozi ina thamani sawa na ya wakili, na maisha ya mkulima au fundi ni maisha yanayostahili. Mwaka huohuo alianzisha shamba la kuishi kwa pamoja huko Phoenix, karibu na Durban. Baadaye alikiandika kitabu hicho upya kwa Kigujarati, akakiita Sarvodaya, yaani ustawi wa wote.

Alichokikataa

Mwaka 1909, akiwa melini akitoka London, Gandhi aliandika kitabu kiitwacho Hind Swaraj. Swaraj ni kujitawala. Humo alisema kwamba Waingereza hawakuichukua India kwa upanga tu, bali Wahindi wenyewe waliwapa kwa kuendelea kushirikiana nao. Kama ni hivyo, dawa ni kuacha kushirikiana: kutolipa kodi ya dhuluma, kutonunua nguo yao, kukubali kwenda jela bila kurusha jiwe. Njia hiyo aliiita satyagraha, maana yake kushikilia ukweli.

Aliongeza kwamba kumfukuza Mwingereza na kubaki na tamaa zake si uhuru.

Wahindi wenzake walimpinga

Si wote waliokubali. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyepata Tuzo ya Nobel 1913, alichukizwa watu walipochoma nguo za kigeni. Aliogopa kwamba chuki dhidi ya wageni ingewafungia Wahindi milango ya elimu.

B. R. Ambedkar alimpinga kwa ukali zaidi. Alizaliwa katika tabaka lililoitwa najisi, lililokatazwa hata kuchota maji kwenye visima vya wengine. Alisoma New York, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa mwanafalsafa John Dewey, kisha London. Gandhi alikisifu kijiji cha India. Ambedkar alikiona kijiji hichohicho kuwa jela ya mnyonge. Yeye alitaka sheria zenye nguvu, na baada ya uhuru aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Lakini naye hakubaki na fikra za Wazungu peke yake: mwaka 1956 alihamia dini ya Buddha, akisema usawa na udugu amejifunza humo.

Fikra zafika ziwani

Gandhi aliuawa Januari 1948. Mwaka huo sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto Nile huko Jinja, Uganda, pale maji ya ziwa letu yanapotokea.

Usukumani katika miaka ya 1950 mkulima wa pamba alikuwa na kilio chake: mizani na bei. Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba wengi walikuwa Waasia. Wakulima hawakuchoma maduka. Waliungana katika vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na mwaka 1955 vikaunda shirikisho la Victoria Federation.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kusajili matawi Usukumani. Mwaka 1958 ilipolazimisha baraza la mchanganyiko wa rangi huko Geita, maelfu ya watu walikwenda Mwanza kulalamika, wakapiga kambi. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Wengi wao huenda hawakuwahi kusikia neno satyagraha, lakini walichofanya ndicho alichokieleza Gandhi: waliondoa ushirikiano wao.

Mwalimu alipoachana na Gandhi

Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila vita. Hata hivyo Mwalimu hakuifanya njia hiyo kuwa amri kwa kila mtu. Aliwaunga mkono waliobeba silaha Msumbiji na kwingineko kusini, kwa hoja kwamba mlango wa amani ulikuwa umefungwa. Katika vijiji vya ujamaa alianza kwa kusema watu wahamie kwa hiari, lakini kuanzia 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na mahali pengi nguvu ilitumika. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanayakumbuka hayo. Hapo ndipo kipimo cha Gandhi kinapouma: kujitegemea kunakoletwa kwa kulazimishwa, je, ni kujitegemea?

Gandhi naye ana deni. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. India, kwa upande wake, ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi mwaka 1995, wa kwanza kupewa alikuwa Mwalimu Nyerere.

Tunaloweza kuchukua

Gandhi, Tagore na Ambedkar hawakukubaliana kuhusu kijiji, nguo wala sheria. Lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kitu kwa kuwa kimetoka Ulaya, wala aliyekikataa kwa sababu hiyo tu. Waliuliza kinamsaidia nani na kinamuumiza nani. Mradi mpya ukiletwa kijijini kwako, wa mbegu, wa mwalo au wa mkopo, swali hilo unaweza kuliuliza wewe pia, mkutanoni, kabla ya kutia sahihi.