Mafuta, kuni na majani chai: Manufaa na madhara ya kawi ya kisukuku Kericho na Bomet

MAFUTA ya petroli, makaa ya mawe na gesi asilia huitwa kawi ya kisukuku kwa sababu yalitokana na mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Kericho na Bomet hazichimbi hata tone moja la mafuta hayo, lakini ni vigumu kupata kilo ya majani chai kutoka huko isiyobeba gharama yake.

Chanzo ni maji. Majani mabichi yakifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa moto hadi unyevu ubakie takriban asilimia 3. Kilo moja ya chai hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi, na tofauti hiyo karibu yote ni maji ambayo sharti yafukuzwe kwa joto.

Kwa miaka mingi viwanda vingi vinavyosimamiwa na KTDA vilipata joto hilo kwa kuchoma mafuta mazito katika boila. Yalikuwa na sifa zake. Moto wa mafuta hurekebishwa kwa urahisi, hautaki ghala kubwa wala vibarua wa kupasua magogo, na haujali mvua. Joto lisiloyumba lina maana kubwa kwa ladha ya chai. Kasoro kuu ilikuwa bei, kwani mafuta hulipiwa kwa dola na gharama ya kiwanda hukatwa kabla ya mkulima kupata bonasi yake. Bei ya pipa ilipopita dola 140 mnamo Julai 2008, hesabu ziligoma, na viwanda vilivyokuwa vimeanza kuhamia kuni vikazidisha kasi.

Hapa ndipo wanaolaani mafuta pasipo kulitazama tanuri la kuni wanapokosea. Mikaratusi ikipandwa upya baada ya kukatwa hufyonza tena hewa ya kaboni iliyotoka kwenye bomba la moshi, jambo ambalo mafuta hayawezi. Lakini mti huo hunywa maji mengi, na ekari iliyo chini yake haioti mahindi wala chai. Isitoshe, jirani ni Msitu wa Mau, chemchemi ya mito inayoliendesha bwawa la umeme la Sondu-Miriu, lenye uwezo wa megawati 60. Msitu huo umekwisha kumegwa vya kutosha tangu serikali ilipotangaza mwaka wa 2001 kuwa ingetenga maelfu ya hekta zake.

Kuhusu umeme, hali ni afadhali. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ilijijengea kituo chake kwenye Mto Nyangores mwaka wa 1987. Hata hivyo, stima ikipotea usiku wa manane, jenereta ya dizeli ndiyo huokoa majani, ambayo hayangoji fundi.

Dizeli pia ndiyo husukuma malori yanayopeleka chai kwenye mnada wa Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kericho. Bomba la mafuta lilifika Kisumu mwaka wa 1994, lakini malori ya mafuta hayakuondoka barabarani. Januari 2009 lori moja lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, wananchi wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100.

Madhara mengine huja polepole. Gesi zinazotokana na mafuta huongeza joto duniani, na mchai hutaka mvua ya mara kwa mara na ubaridi wa wastani. Mchango wa Kenya katika gesi hizo ni chini ya asilimia 1 ya jumla ya dunia.

Mzozo mkali zaidi, hata hivyo, umezushwa na mashine za kuchuma majani, zinazotumia injini za mafuta. Kampuni kubwa husema hazimudu gharama ya kuchuma kwa mikono. Vibarua nao huhesabu nafasi za kazi zinazomezwa na kila mashine. Mei 2023 maandamano yalizuka Kericho na mashine kadhaa zikateketezwa mashambani.