Motokari nzima, ufunguo umekufa: mambo ya kujua mbele ya kununua motokari ya telekomande

Motokari imefika mu lupango, imeoshwa, majirani wamekuja kuiangalia. Asubuhi mwenye motokari anafinya kitufe cha kuwasha: kimya. Kwenye kioo kunatokea maneno ya Kijapani, na mu nyumba hakuna mutu anaweza kuyasoma. Motere iko nzima, mafuta iko ndani, matairi ni mapya. Ni ufunguo ndio umekataa.

Jambo hilo linajulikana sana Lubumbashi, na zaidi mu komine ya Annexe, yenye inazunguka zile komine zingine sita za muji. Kutoka Kasapa ao Luwowoshi mupaka katikati ya muji ni mwendo murefu. Motokari ikilala siku tatu, watoto wanachelewa masomo, biashara inasimama. Kama ni taksi, ile feza yenye shofere anapaswa kuleta kila magaribi haiingie. Na kuita fundi mwenye kuwa na ordinatere, aache kazi yake kwenye muji aje mupaka Annexe, ni feza ingine tena.

Habari hii inaeleza namna ufunguo wa telekomande unatumika, juu ya nini unagoma, na mambo ya kuuliza mbele ya kutoa feza.

Ufunguo ni radio ndogo

Ufunguo wa zamani ulikuwa chuma tu. Ule wa leo ni radio ndogo. Mutu akikaribia ao akigusa mulango, motokari inatuma mawimbi yenye hayafike mbali, mara nyingi metre moja hivi. Ufunguo unayasikia mu mufuko na unajibu kwa mawimbi yake. Kwa motokari nyingi zenye zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, jibu hilo linapita karibu na megahertz 315. Kwa zile za Ulaya, karibu na 433. Linabeba namba ya siri yenye inabadilika kila mara. Ordinatere ya motokari ikiitambua, mulango unafunguka na motere inaruhusiwa kuwaka.

Ndiyo maana funguo mbili zinaweza kufanana kwa macho, rangi moja, vitufe vinne, lakini moja haiwezi kabisa kusemezana na motokari ya jirani. Mutu mwenye ananunua telekomande sokoni kwa kuangalia sura tu anaweza kupoteza feza yake bure.

Ndani ya ufunguo kuna pia kipande kidogo chenye hakihitaji batri. Hicho ndicho kinazuia mwizi kuwasha motere. Mu inchi za Umoja wa Ulaya, kizuizi hicho ni lazima kwa motokari mupya tangu mwezi wa 10 mwaka wa 1998. Tangu hapo, kukata chuma kwa fundi wa funguo haitoshi tena. Chuma kitafungua mulango, lakini motere haitawaka.

Batri ya ufunguo ikiisha

Hili ndilo tatizo la kila siku, na lina dawa rahisi. Ndani ya telekomande nyingi kuna batri ya mviringo, sawa feza ya chuma, yenye kuandikwa CR2032, ya volti 3. Inadumu mwaka mumoja, miwili, wakati fulani mitatu. Ikichoka, ufunguo unaanza kusumbua: leo unafungua, kesho unakataa, mupaka mutu asimame karibu kabisa na mulango.

Watengenezaji walifikiri juu ya siku hiyo. Kwanza, mu telekomande nyingi kuna chuma chembamba chenye kinafichwa. Kuna kakitufe kadogo ka kukitosha. Chuma hicho kinafungua mulango wa shofere. Pili, mu motokari nyingi, sawa vile Toyota zenye kitufe cha kuwasha, mutu anakanyaga frein, anagusisha ufunguo kwenye kitufe, anangoja mulio, kisha anafinya. Kile kipande chenye hakihitaji batri kinasomwa, na motokari inawaka. Mu motokari za kampuni zingine fasi ya kuweka ufunguo ni ingine: karibu na usukani, ao mu kashimo kadogo katikati ya viti. Ni muzuri kuitafuta mapema, mbele ya siku ya shida.

Watu wengi hawajue mambo haya mawili. Wanavuta motokari kwa kamba mupaka garaji, kumbe batri moja ndogo ya sokoni ingemaliza neno.

Batri kubwa imejaa, lakini motokari imekufa

Kwa motokari za ibridi, sawa vile Toyota Prius, na zile za umeme mutupu, kuna mutego mwingine. Zina batri mbili. Ile kubwa inasukuma magurudumu. Ile ndogo ya volti 12, sawa ya motokari yoyote, inalisha milango, taa na ordinatere. Na ni hiyo ndogo inatoa ruhusa ili ile kubwa ianze kazi. Ikiisha, motokari ya umeme inaweza kuwa na batri kubwa yenye kujaa kabisa na isisogee hata hatua moja.

Mambo yenye inaiua ni ya kawaida: motokari kukaa majuma mengi bila kutembea, ao ufunguo kulala karibu nayo. Mutu akitundika ufunguo kwenye ukuta, na motokari iko nyuma ya ukuta ule ule, motokari zingine zinaamka usiku kucha kutafuta mwenyewe.

Mu Prius nyingi batri hiyo ndogo iko nyuma, mu koferi, na koferi inafunguka kwa umeme. Ndiyo maana Toyota iliweka mbele, chini ya kapo, fasi ya kushikisha waya kutoka kwa batri ingine. Fundi mwenye hajue hiyo anaweza kuvunja bure.

Kioo cha Kijapani na radio yenye kuishia 90

Motokari nyingi zenye zinaingia Lubumbashi zilitumika kwanza Japani. Zinashuka kwenye bandari, sawa vile Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Usukani uko kuume, na watu wamezoea. Lakini ordinatere nayo ilitengenezwa kwa ajili ya mutu wa Japani. Onyo juu ya frein ao juu ya batri linaandikwa Kijapani, na shofere analiona sawa mapambo tu.

Mu motokari fulani za Toyota, radio ya kioo inahitaji kakadi kadogo ka ramani. Kakadi kakipotea njiani, ao batri ya motokari ikitoshwa juu ya kutengenezwa, kioo kinajifunga na kuomba namba ya siri. Namba hiyo mwenye motokari wa hapa haijue.

Radio yenyewe pia inashangaza watu. Zamani Japani ilipanga FM yake kuanzia megahertz 76 mupaka 90, lakini Kongo na inchi nyingi za dunia zinatumikisha 87.5 mupaka 108. Kwa hiyo mutu anatafuta stesheni ya muji yenye kuwa juu ya 90 na haiipate. Radio yake haikufa. Kuna kadude kadogo kenye fundi anafunga kwenye waya wa antene, kenye kinashusha mawimbi ili radio ya Kijapani iyasikie. Ao anaweka radio ingine kabisa.

Hata wenye kulipa bei kubwa wanalia

Mutu anaweza kuwaza kama haya ni matatizo ya wenye kununua vitu vyenye vilishatumika. Lakini ku Marekani na Ulaya, watu wenye kununua motokari za umeme za bei kubwa, tena mupya, wanalia kilio kile kile.

Tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka wa 2021, wenye motokari za Tesla mu inchi mbalimbali walishindwa kuingia mu programu ya kampuni kwenye telefone zao, juu ordinatere za kampuni zilikuwa na shida. Wamoja walikuwa wamezoea telefone kuwa ndiyo ufunguo, na walibaki inje. Mukubwa wa kampuni, Elon Musk, aliomba musamaha. Mwenye alikuwa na kadi ya kufungua mu mufuko hakupata shida: kadi haiulize ordinatere ya mbali.

Mambo ya Fisker yalikuwa mabaya zaidi. Motokari yake, Ocean, ilitengenezwa Graz mu Austria na kuuzishwa kwa bei ya karibu dola 38 000 mupaka karibu 70 000. Wanunuzi walilalamika juu ya programu yenye makosa, motokari kupoteza nguvu njiani, na funguo zenye hazijibu. Mwezi wa 6 mwaka wa 2024 kampuni ikafilisika. Hapo swali likawa: programu itatengenezwa na nani? Funguo mupya zitatoka wapi? Wenye motokari waliungana mu shirika lao wenyewe ili kutafuta vipande na kulinda programu isizimike.

Somo ni moja. Motokari yenye inategemea ordinatere ya kampuni haiko ya mwenyewe kabisa siku kampuni inaanguka ao inakata mawasiliano.

Hilo linagusa Katanga zaidi ya fasi zingine. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yenye inachimbwa duniani, na karibu yote inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Batri nyingi za motokari za umeme za bei kubwa zina kobalti hiyo, hata kama zile za chuma na fosfati, zenye zinatumiwa sana China, hazina. Malori yenye kubeba madini yanatoka kwa Kasumbalesa. Motokari zinaingia kwa barabara ile ile.

Za umeme zinakuja

Ethiopia ilizuia mwaka wa 2024 kuingiza motokari za kibinafsi zenye kutumikisha mafuta. Motokari nyingi za umeme zenye zilijaa kule zinatoka China, na malalamiko ya wenyewe ni juu ya vipande na mafundi kukosekana. Motokari yenye ilitengenezwa ili kuuzishwa ndani ya China inaweza kuwa na kioo cha Kichina, na programu ya telefone yenye inaomba namba ya telefone ya China.

Zikianza kufika kwa wingi Lubumbashi, swali halitakuwa tu kuran ya SNEL. Litakuwa pia: motokari hii inamutii nani? Maana motokari ya umeme yenye ilishatumika inaweza kubaki imeandikwa kwa jina la mwenye wa zamani. Huyo, hata akiwa ng'ambo, anaweza kuona fasi yenye motokari iko, na mu motokari fulani anaweza kuifungua.

Mbele ya kutoa feza

Mafundi wenye kujua kazi wanashauri mambo haya.

Kuomba funguo mbili. Kama kuna ufunguo mumoja wenye kutumika, kuongeza wa pili ni kazi ya kawaida. Kama zote zimepotea, fundi anapaswa kuanza upya na ordinatere ya motokari, na bei inapanda sana.

Kujaribu kila ufunguo peke yake. Ule mwingine upelekwe mbali, hata inje ya lupango, juu wakati fulani unaujibia mwenzake.

Kutosha batri ya telekomande na kujaribu kuwasha kwa kugusisha ufunguo. Kisha kutosha kile chuma chembamba na kukizungusha mu mulango. Wauzishaji fulani wana telekomande bila chuma ndani.

Kuwasha radio na kioo. Kuangalia luga, kuangalia kama kakadi ka ramani kako, na kupitisha radio juu ya 90.

Kwa motokari ya umeme, kuomba mwenye kuuzisha afute jina lake mu programu mbele ya macho, na kutoa kadi zote. Ahadi ya telefone haitoshe.

Kuchunga ufunguo. Fundi mwenye mashine anaweza kuongeza ufunguo mwingine mu dakika chache, kwa hiyo si muzuri kuacha ufunguo na mutu wenye hajulikane. Fundi wa kweli ataomba karatasi za motokari na kulinganisha namba ya shasi. Mwenye haulize kitu ni wa kuogopa. Tena kuna wezi wenye kuwa na mashine ya kuvuta mawimbi ya ufunguo kutoka ndani ya nyumba na kuyapeleka kwenye motokari inje. Kuweka ufunguo usiku mu mukebe wa chuma wenye kifuniko chenye kushika muzuri kunazuia hayo.

Wauzishaji wana neno lao: "Ufunguo wa pili uko njiani, utakuja." Pengine ni kweli. Basi na sehemu ya feza ibaki njiani pamoja nao, iandikwe kwenye karatasi, ilipwe siku ufunguo utafika na motokari itawaka nao.