Motokaa Ndogo na Njia za Bonde la Ufa

Msomaji, huenda umewahi kupanda motokaa ndogo kutoka Nakuru kwenda Bahati, Njoro au Subukia, gurudumu likagonga shimo, na mgongo wako ukapata habari hiyo mara moja. Labda mwenye motokaa alijitetea kwamba amekwisha kutia springi mpya, tena ngumu. Mbona basi safari haikuwa na raha? Jibu limo katika historia ya barabara zetu. Yafaa lijulikane na kila kijana ambaye siku moja atanunua motokaa, au atakabidhiwa maisha ya watu waliomo ndani yake.

Kwanza itazame nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya udongo wa Naivasha, Gilgil na Nakuru ni majivu yaliyotapikwa zamani na milima ya moto, kama vile Longonot na Menengai. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini kama unga, nalo hufunika mawe makali yasionekane. Mvua inaponyesha, vumbi hilo hugeuka tope, na magurudumu huchimba makorongo ndani yake. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, lakini kutoka stesheni hadi mashambani mizigo ilipita katika njia za udongo, kwa magari ya ng'ombe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mateka wa Kiitaliano walijenga barabara ya kuteremka ukingo wa Bonde hadi Mai Mahiu. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali kando ya barabara hiyo. Hata hivyo, aliyeiacha barabara kuu aliyakuta mawe na vumbi lile lile.

Sasa yafaa tujue jinsi motokaa inavyobebwa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja na kuipokea nguvu ile. Lakini springi haili nguvu. Huiweka tu, kisha huirudisha. Ikiachwa peke yake, motokaa ingeruka juu na chini kama mtoto anayechezea kitanda. Kwa sababu hiyo kuna chombo cha pili, ambacho mafundi wetu hukiita shokapu. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vyembamba, na msukosuko wote hugeuka kuwa joto. Shokapu ikichoka, gurudumu hudundadunda juu ya ardhi. Na gurudumu lililo hewani halishiki breki, wala halitii usukani. Kwa hiyo jambo hili si la raha peke yake. Ni jambo la uhai.

Mafunzo makubwa zaidi juu ya mambo hayo yalipatikana katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo. Badala ya springi za kuzunguka, ilikuwa na vyuma virefu vilivyojisokota kila gurudumu lilipopanda, na kila gurudumu lilikwenda peke yake bila kumsumbua jirani yake. Mwaka 1955 wawili hao walishinda tena, safari hii kwa Ford Zephyr. Mbele yake mlikuwa na mtambo wa mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson: springi na shokapu zimeunganishwa kuwa mguu mmoja uliosimama. Mguu wa namna hiyo ndio ulio mbele ya Toyota Vitz na Mazda Demio unazoziona leo Nakuru.

Mwaka 1963 mvua na matope viliwashinda wengi. Motokaa 84 zilianza, 7 tu zikafika mwisho. Walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Motokaa hiyo ya familia ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Nguvu yake haikuwa katika ugumu. Springi zake ziliyaruhusu magurudumu kupanda na kushuka mwendo mrefu, na shokapu zake ziliutuliza mwendo huo.

Mtazame pia Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Mwaka 1974 alishinda kwa Mitsubishi Lancer, motokaa ndogo, akiishinda Porsche ya Björn Waldegård iliyofika ya pili. Nyuma ya Lancer ile mlikuwa na springi za mabapa ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, namna ya kale iliyotumika tangu enzi za magari ya farasi. Twaona basi kwamba upya wa mtambo si hoja; hoja ni uzima wake na kufaa kwake.

Mashindano ya dunia yalirudi Kenya mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Makao yake yalikuwa Naivasha, na njia zake zilipita Soysambu na Elementaita. Mbelgiji Thierry Neuville aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika njia ya Loldia shokapu moja ya nyuma ikavunjika, na safari yake ikaishia hapo. Mshindi alikuwa Mfaransa Sébastien Ogier, kwa Toyota Yaris. Yaris ndilo jina ambalo Vitz iliuzwa nalo nje ya Japani. Lakini usidanganyike, jina lilikuwa moja, viungo vilikuwa vingine.

Turudi kwa motokaa yetu ndogo. Ilitengenezwa kwa barabara za lami, na tumbo lake li karibu na ardhi. Wengi huiinua kwa vipande vya mpira au vya chuma viitwavyo spesa. Spesa ikishindiliwa kati ya springi na kikalio chake, shokapu hukaa imenyooka, karibu na mwisho wa mwendo wake. Gurudumu likiingia shimoni halina tena nafasi ya kushuka. Ikiwekwa juu ya mguu wote, shokapu haibadiliki, lakini mihimili ya magurudumu hukaa mshazari, na mipira inayofunika grisi hupasuka mapema. Kwa vyovyote motokaa iliyoinuliwa huegemea zaidi katika kona. Spesa huongeza kimo. Haziongezi ubora wa mwendo.

Afanyeje basi mwenye fedha chache? Aanze na bushi na viungo, maana ni bei nafuu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Shokapu mpya juu ya bushi iliyolika ni fedha iliyotupwa. Kisha anunue shokapu mbili mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazolingana na uzito wa motokaa. Zile zenye gesi ya naitrojeni hustahimili zaidi njia mbovu, kwa kuwa gesi huzuia mafuta yasifanye povu. Akitaka kimo, achague springi ndefu kidogo pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mwisho, magurudumu yapimwe na kunyooshwa upya, ama sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Na ajihadhari na vitu bandia, ambavyo Kenya ilivitungia sheria mwaka 2008. Rangi nyekundu na jina kubwa juu ya boksi si ushahidi. Aombe risiti na dhamana, na amwulize fundi sababu ya kila kiungo. Fundi ajuaye kazi hataona haya kueleza.

Basi, msomaji, siku utakapoulizwa shauri juu ya motokaa ya nyumbani kwenu, usiulize kwanza imeinuka kiasi gani. Uliza kama gurudumu laweza kushuka shimoni na kurudi bila kuiacha ardhi. Katika motokaa hiyo huenda akawamo mama yako akipelekwa hospitali, au ndugu zako wakirudi shuleni, na mbele yao jiwe limejificha katika vumbi.